Nyuzi Tisa za Gitaa Kavu, Kuanzia Breki ya Baiskeli

Songea mjini ukitaka gunia la mahindi utalipata kabla hujamaliza kuuliza bei. Ukitaka nyuzi za gitaa, jiandae kwa mahojiano. "Za gitaa gani?" Swali ni zuri, ila anayeuliza ana aina moja tu kabatini, na utauziwa hiyo hiyo hata ujibu nini. Zisipokuwepo, zinaagizwa Dar es Salaam, zinapanda basi, zinasafiri zaidi ya kilomita 900, na zikifika hakuna mwenye moyo wa kuzikataa. Tunafunga kilichokuja, kisha tunalilaumu gitaa.

Gitaa lenyewe mara nyingi halina kosa. Badilisha nyuzi tu, na boksi lile lile la plaiwudi litatoa sauti ambayo mwenyewe hukujua limeificha. Hakuna njia ya bei nafuu kuliko hiyo ya kupata gitaa jipya. Kwa hiyo nimezipanga nyuzi tisa zinazoonekana kwenye magitaa makavu ya mkoa huu, yale ambayo wazee waliyaita galatoni, kuanzia ya mkiani hadi ya kwanza. Upendeleo umo, na sitauombea radhi. Mtani wangu Mhehe, anayepiga gitaa vizuri kuliko mimi na hulisema hilo bila kuulizwa, amesoma rasimu na kudai nafasi ya kuingilia. Sisi Wangoni ni watu wa ukarimu.

9. Waya wa breki ya baiskeli

Heshima kwanza. Kuna watu waliojifunza kupiga kwenye gitaa la galoni lenye shingo ya ubao wa kreti na nyuzi zilizofumuliwa kutoka kwenye breki, na leo wakishika gitaa la dukani wewe mwenye seti ya Marekani unaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Waya wa breki ukiufumua hutoa nyuzi nyembamba za chuma, na mmoja mmoja mara nyingi hukaribia unene wa uzi wa kwanza wa dukani, yaani milimita 0.3 hivi.

Sifa zinaishia hapo. Waya huo umeishi maisha yake yote umesokotwa na wenzake; hata ukiuvuta vipi, unabaki na mawimbi. Uzi wenye mawimbi haupatani na freti. Ukiupiga wazi unasema E, ukibana freti ya saba unasema jambo lake binafsi.

Balaa kubwa ni besi. Sauti nzito inahitaji uzi mzito, na ukiongeza unene wa chuma kitupu kinakuwa kigumu, hakitetemi vizuri, na sauti zake za juu zinapanda pembeni na kuacha njia. Kiwandani wanalikwepa hilo kwa ujanja: wanachukua chuma chembamba cha katikati na kukizungushia waya wa metali nyingine. Uzito unaongezeka, ulegevu unabaki. Nyumbani sisi tunasokota waya nne pamoja na kumwomba Mungu.

Mtani: "Angalau gitaa lenu lina breki. Uimbaji wenu hauna."

8. Nyuzi za gitaa la umeme

Hizi ndizo adui wa kweli, kwa sababu zinafika zikiwa mpya, kwenye pakiti inayong'aa, na hakuna anayezishuku. Gitaa la umeme halitegemei sana ubao wake. Lina sumaku chini ya nyuzi, na nyuzi zake za chuma kilichopakwa nikeli zimeundwa kuisumbua sumaku hiyo. Kazi iliyobaki inafanywa na spika. Gitaa kavu halina sumaku. Spika yake ni ubao wa juu, na ubao hauchezi bila kuvutwa.

Tuelewane kuhusu namba za kwenye pakiti, maana tutazihitaji mpaka mwisho. Ukikuta 9–42 au 12–53, huo ni unene wa uzi wa kwanza na wa sita kwa elfu za inchi. Kumi na mbili ni milimita 0.30. Ernie Ball wa California alianza kuuza seti yake nyepesi ya Slinky, 10–46, mwaka 1962, na wapiga solo wa dunia nzima wakapona vidole. Sasa hesabu: mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliandika mwaka 1636 kanuni zinazounganisha urefu wa uzi, uzito wake, mvuto na sauti. Kwa urefu ule ule na sauti ile ile, mvuto unafuata uzito, na uzito unafuata unene ukizidishwa kwa wenyewe. Uzi wa 9 basi unavuta ubao kwa nguvu ya asilimia 56 tu ya uzi wa 12. Ndiyo maana unapiga kodi ya G kwa bidii zote na mwimbaji anasubiri, akidhani bado unatyuni.

Zina tendo moja jema: mtoto wa miaka tisa anayejifunza hatalia. Akifika kumi, zivue.

7. Nyuzi zilizochemshwa

Unavua seti kuukuu, unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, unaikausha, unaifunga tena. Mama mwenye sufuria akiuliza, sema ni utafiti.

Jambo hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana halifi. Nyuzi zilizozungushiwa waya hukusanya jasho, mafuta na ngozi iliyokufa katikati ya mizunguko. Uchafu huo unazuia mtetemo na kuua mng'ao. Maji ya moto yanautoa. Wapiga besi wa nchi za watu walifanya hivyo miaka mingi, kwa sababu seti ya besi ni ghali kwao pia. Lakini chuma kilichochoka kimechoka, na mabonde yaliyochimbwa na freti hayafukiwi kwa mvuke. Utapata siku chache za furaha, kisha zinarudi pale pale. Uzi wa kwanza na wa pili usizichemshe kabisa. Ni chuma kitupu, hazina mahali pa kuficha uchafu, utaambulia kutu.

Mtani: "Mngoni akichemsha nyuzi, lazima aonje mchuzi."

6. Mshipi wa kuvulia

Tunashuka Mbamba Bay. Mvuvi wa Ziwa Nyasa anaujua uzi wa nailoni kuliko profesa yeyote wa muziki, na mtu mwenye gitaa la nyuzi laini akikatikiwa huko chini hana haja ya kusubiri basi. Anahitaji mshipi wenye unene wa milimita 0.7 kwa uzi wa kwanza, 0.8 kwa wa pili, na milimita 1 kwa wa tatu. Huo ni mshipi wa samaki mwenye mabishano, mbasa mkubwa au zaidi. Kwa dagaa usiulize; dagaa wanavuliwa kwa wavu.

Anayedhani huu ni umaskini asubiri kidogo. Mwaka 1971 kampuni ya Kureha ya Japani ilitoa mshipi wa aina nyingine, wa florokaboni, chini ya jina la Seaguar. Kitu hicho ni kizito kuliko nailoni, kwa hiyo uzi unaweza kuwa mwembamba zaidi kwa sauti ile ile, na uzi mwembamba una mng'ao zaidi. Leo Savarez wa Ufaransa wanauza nyuzi za gitaa za jamii hiyo hiyo, watu wanavaa tai kuzisikiliza, na wanaziita kaboni. Wapo wapigaji wa Ulaya wanaonunua mshipi wenyewe wa kuvulia na kukata kipimo chao. Kwa hiyo kijana wa Mbamba Bay hayuko nyuma ya wakati. Amekosa tiketi ya ukumbini tu.

Tatizo ni kwamba mshipi unakupa nusu ya gitaa. Besi za nailoni ni nyuzinyuzi laini zilizozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha, na hizo ziwani hazivuliwi. Vilevile nyuzi za dukani hupimwa zilingane unene kutoka mwanzo hadi mwisho. Mshipi ulipimwa usikatike tu. Chukua mita tatu, kata vipande viwili vitatu, funga, sikiliza kwenye freti ya 12, chagua kilicho safi. Vingine mrudishie mvuvi.

5. Seti nene, 13–56

Hii ni kwa wanaume, husema wanaume. Na kweli, kwenye gitaa kubwa lenye ubao imara wa mbao halisi, 13–56 ina sauti inayojaza ukumbi bila kipaza sauti. Wapiga muziki wa milimani huko Marekani wanaipenda kwa sababu wanashindana na banjo.

Ila tuangalie uzito. Seti ya 12 huvuta daraja la gitaa kwa zaidi ya kilo 70. Seti ya 13 inapita kilo 80. Chukua mfuko wa mbolea wa kilo 50, utundike kwenye kipande cha mbao kilichobandikwa kwa gundi, ongeza mfuko mwingine zaidi ya nusu, acha hivyo usiku na mchana, masika na kiangazi. Ndiyo kazi unayolipa gitaa lako la plaiwudi. Kwenye uzi wa kwanza, kutoka 11 kwenda 13 peke yake ni nyongeza ya mvuto wa karibu asilimia 40.

Magitaa mengi tuliyonayo hayawezi. Linaanza tumbo kuvimba nyuma ya daraja, nyuzi zinanyanyuka mbali na freti, kisha siku moja daraja linang'oka katikati ya pambio. Fundi seremala analirudisha kwa gundi ya mbao na skrubu mbili, na baada ya hapo gitaa ni fanicha. Galatoni zenyewe, zile Gallotone zilizotengenezwa Afrika Kusini, aina ya Champion zilikuwa na kibandiko ndani kinachodai kwamba hazipasuki, na kijana mmoja wa Liverpool aitwaye John Lennon alianzia kwenye moja mwaka 1957. Udhamini ulikuwa wa mbao. Kuhusu daraja hawakusema kitu.

Wenye haki ya kulalamika ni watu wa Tunduru. Mpingo wao unasafirishwa kwenda kutengenezewa klarineti za Ulaya, na ungeweza kuwa mgongo wa gitaa lisiloogopa uzi wowote. Sisi tunarudishiwa plaiwudi.

Mtani: "Wahehe tunapiga 13." Sijawahi kuziona.

4. Nyuzi zilizovikwa

Mwaka 1997 kampuni ya W. L. Gore, hao hao wenye kitambaa cha makoti ya mvua cha Gore-Tex, ilianza kuuza nyuzi za Elixir zilizovikwa utando mwembamba wa plastiki. Jasho haligusi metali, uchafu haupenyi kwenye mizunguko. Zinadumu mara kadhaa zaidi ya nyuzi za kawaida, na bei yake inajua hivyo.

Kwa Songea zina maana, kwa sababu mvua zetu zikianza Novemba hazitanii mpaka Aprili, na gitaa linaloishi kwenye chumba cha kwaya kisicho na dari hupata unyevu wa kutosha kuotesha uyoga. Zina maana pia kwa gitaa la kikundi, lile linaloshikwa na kila mtu, akiwemo yule anayetoka moja kwa moja kula mihogo ya kukaanga. Lakini siku ya kwanza zina utelezi fulani chini ya vidole, na mng'ao wake umepakwa adabu. Mimi nataka uzi uwe na utundu kidogo. Nafasi ya nne inazitosha.

3. Themanini kwa ishirini

Shaba asilimia 80, zinki asilimia 20. Zilianza New York miaka ya 1930, na kwa undugu wa metali ni wa ukoo wa tarumbeta. Utasikia ukoo huo mara tu unapopiga kodi ya kwanza: mng'ao, ukali, kila uzi unajitambulisha kwa jina. Kama gitaa lako lina sauti nzito ya tope, au wewe ni mtu wa rizimu unayepiga kwa piki nyuma ya waimbaji arobaini, hizi ndizo dawa.

Hapa niweke jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Metali inayotajwa kwenye pakiti inahusu nyuzi nne za juu tu, zilizozungushiwa. Uzi wa kwanza na wa pili ni chuma kile kile kwenye seti karibu zote. Mtu akikwambia uzi wake wa kwanza "una joto la bronzi", mnunulie soda na ubadilishe mazungumzo.

Kinachoziangusha hadi nafasi ya tatu ni maisha mafupi. Mpigaji mwenye jasho kali anaziua ndani ya wiki mbili, na kwa mji ambao seti mpya inasubiri basi, mapenzi ya wiki mbili ni gharama. Zinunue kwa ajili ya studio, au harusi ya mtu unayempenda.

2. Nailoni

Ningeipa ya kwanza kama nisingeogopa vurugu. Sauti yake ni ya mviringo, haina haraka, na inampisha mwimbaji. Kabla yake wapigaji walitumia utumbo wa mnyama. Vita vya Pili vikafanya utumbo uhitajike hospitalini kushonea majeruhi, na huko New York fundi Albert Augustine, akiwa karibu na mpigaji Mhispania Andrés Segovia, akageukia nailoni ya DuPont katika miaka hiyo ya 1940. Segovia aliikubali, na ubishi ukaisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa viongozi wa vikundi vya vijana mliopokea gitaa la msaada. Gitaa la nailoni na gitaa la chuma si kitu kimoja. Nailoni inavuta kama kilo 40. Chuma ni karibu mara mbili. Gitaa la nailoni limejengwa jepesi kwa makusudi, na mengi hayana chuma cha kuimarisha ndani ya shingo. Ukilifunga nyuzi za chuma ili "lilie zaidi", litalia zaidi kwa muda, halafu utalia wewe.

Namna ya kulitambua: kichwa chake kina madirisha mawili marefu, shingo ni pana kiasi cha milimita 52 pale juu, na nyuzi zinafungwa fundo kwenye daraja. La chuma lina shingo nyembamba ya milimita 43 hivi, na nyuzi zake zina kishanga cha shaba mwishoni kinachoshikwa na vijiti kwenye daraja. Ukikuta fundo, weka nailoni. Ukikuta vijiti, weka chuma. Kinyume chake, nailoni kwenye gitaa la chuma, hakivunji kitu. Kinanong'ona tu, kwa sababu ubao mzito haupati nguvu ya kuutikisa.

Mtani hakusema lolote hapa. Ameshang'oa daraja, nalijua.

1. Fosfa bronzi, 11–52

Shaba asilimia 92, bati 8, na fosforasi kidogo sana. D'Addario walizileta kwenye nyuzi za gitaa mwaka 1974 na tangu hapo ndizo zinazotumiwa na wengi. Besi zina kina, katikati hapana kelele, na mng'ao wake hauondoki ghafla. Unazeeka taratibu, kwa heshima, na wiki ya tano bado gitaa linasalimia watu.

Ubishi uko kwenye namba. Dunia inasema 12–53. Mimi nasema 11–52, na sababu ni magitaa yetu. Uzi wa 11 unapunguza mvuto kwa asilimia 16 dhidi ya wa 12, wakati besi ya 52 haijapoteza kitu cha kusikika. Masika ubao unanyonya unyevu na kuvimba, nyuzi zinapanda juu ya freti. Ukiwa na 11 bado unaweza kubana F bila kukunja uso. Juni na Julai, baridi kavu ya milima ya Matogoro ikishuka, mbao zinasinyaa, nyuzi zinakaribia freti na kuanza kuzigonga. Hapo ndipo watu wa 12 watanicheka, kwa sababu uzi mzito hauyumbi sana. Wacheke. Kuinua nyuzi kwa kipande cha kadi chini ya mfupa wa daraja ni kazi ya dakika tano. Kubandika daraja upya si kazi ya dakika tano.

Gitaa lako likiwa la mbao halisi, zima, halijawahi kumwona seremala, nenda 12 kwa amani. Likiwa dogo au kuukuu, shuka 10–47 na upige karibu na shimo la sauti upate unono.

Mtani: "Na Mwenda wa Bayeke? Alikuwa na fosfa?"

Hakuwa nayo. Jean Bosco Mwenda, mpigaji gitaa wa Kongo, alirekodiwa na Hugh Tracey akipiga "Masanga" huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, miaka 22 kabla ya fosfa kufungwa kwenye gitaa, kwa kidole gumba na cha shahada tu, na mpaka leo watu wenye vidole kumi wanahesabu wamekosea wapi. Hoja nimeipokea. Ila Mwenda hakuhitaji msaada, sisi tunauhitaji.

Kwa hiyo ukimpa kondakta hela akuchukulie Kariakoo, usimwambie kwa mdomo. Andika kwenye karatasi: gitaa kavu, fosfa bronzi, 11 hadi 52, pamoja na uzi mmoja wa 11 wa akiba, maana ndio unaokatika kwanza na hukatika Jumamosi usiku. Ukiandika "nyuzi za gitaa" tu, utaletewa namba nane, na kondakta atataka hela ya chai.